Kabla ya Kufukia Shimo, Pima Maji

Simama mbele ya ukuta wa machimbo ya changarawe asubuhi na mapema, kabla jua halijakaza. Ukuta una mita sita na umesimama wima kana kwamba umejengwa na fundi. Alama za meno ya ekskaveta bado zinaonekana, mistari sambamba kutoka juu hadi chini, na mchanga uliojaa katikati ya mawe una weusi wa unyevu. Rudi saa saba mchana. Weusi umefifia, punje zimeanza kuchuruzika kidogokidogo kama chumvi inayovuja mfukoni, na jiwe la ukubwa wa ngumi linachomoka lenyewe na kubingirika hadi miguuni pako. Hakuna aliyeligusa. Kilichokuwa kimeshika ukuta ule ni utando mwembamba wa maji kati ya punje na punje, na jua limeukausha.

Sasa chukua ukuta huohuo, mvua inyeshe usiku kucha. Matundu yote kati ya punje yanajaa maji, utando unapotea, na kile kilichofanya kazi ya gundi hakipo tena. Ukuta unaanguka kwa kulowa kama ulivyoanguka kwa kukauka. Ndiyo maana mchimbaji anayesema "ukuta huu umesimama wiki nzima, hauna neno" anasema kweli, ila kuhusu wiki iliyopita tu. Mita moja ya ujazo ya changarawe ina uzito wa tani moja na nusu hadi mbili. Mtu aliyefukiwa hadi kifuani hapati nafasi ya kuvuta pumzi, na wenzake wanaokimbilia na sepetu wanakuja kusimama chini ya ukuta uleule ambao haujamaliza kuanguka.

Mijadala kuhusu mashimo ya changarawe huzunguka maswali matatu: lina kina gani, liko umbali gani na nyumba za watu, na nani atalifukia. Ni maswali mazuri, lakini kwa maoni yangu ni ya daraja la pili. Swali la kwanza ni hili: maji yamesimama wapi ndani ya shimo, yamesimama wapi nje yake, na tofauti kati ya hayo mawili ni mita ngapi? Tofauti hiyo ndiyo inayoangusha kuta, inayokausha visima, inayolowesha mashamba na inayodidimiza ardhi iliyofukiwa. Lakini kwenye makaratasi mengi ya vibali, kuta zina sura yake, maji yana sura yake, kufukia kuna sura yake, na kila sura imeandikwa na mtaalamu ambaye hakuketi na mwenzake.

Tuanze na kuta. Changarawe kavu ukiimwaga chini hujipangia mwinamo wake yenyewe: mchanga nyuzi 30 hadi 35, changarawe yenye mawe ya pembepembe ikikaribia 40. Watu wa machimbo hawasemi kwa nyuzi, wanasema kwa uwiano. "Moja kwa moja" ni mita moja kwenda juu kwa mita moja kwenda mbele, yaani nyuzi 45. "Moja kwa mbili" ni kama nyuzi 27, na "moja kwa tatu" ni kama 18. Hii ya mwisho ndiyo hutajwa sana pale shimo linapotakiwa kuachwa salama, na ndiyo wachimbaji huilalamikia zaidi, kwamba inakula eneo na kuacha mali nzuri ardhini bila sababu.

Sababu ipo, na unaweza kuijaribu kwa ndoo. Mwaga mchanga polepole kwenye ndoo iliyojaa maji. Utaona unajipanga chini ya maji kwa mwinamo uleule, karibu sawa na ule wa mchanga mkavu. Maji yaliyotulia hayajaudhuru. Sasa toboa ndoo chini, upande mmoja, maji yaanze kupita ndani ya mchanga na kutoka. Mteremko unaanza kulegea, unateleza, unalala. Maji yanayotembea ndani ya mteremko na kuchungulia usoni mwake hupunguza nguvu ambayo punje hukandamizana nayo, huku uzito mzima wa mchanga na maji ukiendelea kuvuta chini. Karl Terzaghi, mhandisi aliyeweka misingi ya elimu ya udongo katika miaka ya 1920, alilieleza jambo hili kwa hesabu fupi: nguvu ya udongo hutokana na mkandamizo uliobaki kati ya punje baada ya kutoa shinikizo la maji.

Kwa mchanga uliolowa kabisa na maji yakiteremka sambamba na mteremko, karibu nusu ya uimara hupotea. Mteremko uliojishikilia kwa nyuzi 35 ukiwa mkavu hautulii tena mpaka ushuke hadi kama nyuzi 19. Hapo ndipo "moja kwa tatu" inapotoka. Si urembo wa wanamazingira, ni mwinamo ambao changarawe ingeuchagua yenyewe siku ambayo maji yatatembea ndani yake.

Kwa hiyo ukitembelea shimo usianze kwa kutazama juu. Tazama mguu wa ukuta. Kama kuna mstari wa unyevu usoni na vijichemchemi vinabubujika chini yake, jua kwamba nje ya shimo maji yamesimama juu kuliko ndani. Kinga maji hayo kwenye chupa uiache itulie. Yakiwa meupe, ardhi inavuja tu. Ukikuta mchanga umetuama chini ya chupa, ardhi yenyewe inaondoka, punje kwa punje, na nyuma ya ukuta kuna mfereji unaojichimba. Chupa hiyo haigharimu chochote, na sijui kwa nini si kifaa cha kawaida cha msimamizi wa zamu.

Pampu na majirani

Mchimbaji akifika kwenye maji, jibu la haraka ni pampu. Pampu inaonekana, inanguruma, inatoa maji, na bosi akipita anaona kazi inafanyika. Lakini changarawe ni tabaka baya kuliko yote kwa mtu anayetaka kulikausha. Mwaka 1856 Henry Darcy, mhandisi Mfaransa aliyeshughulikia maji ya mji wa Dijon, alionyesha kwamba kiasi cha maji kinachopita kwenye mchanga hutegemea tofauti ya usawa wa maji, umbali yanaosafiri na aina ya mchanga wenyewe. Changarawe safi hupitisha maji kwa kasi inayozidi ile ya udongo wa mfinyanzi kwa zaidi ya mara milioni. Hesabu hiyohiyo inamwambia mwenye pampu kwamba kila mita anayoshusha maji ndani ya shimo inaongeza kasi ya maji yanayorudi. Anakimbizana na ardhi nzima iliyomzunguka.

Na ardhi hiyo ina watu. Maji yakishushwa shimoni, usawa wa maji kuzunguka shimo hubonyea kama shuka iliyokaliwa katikati, na kwenye changarawe bonde hilo lisiloonekana hufika mbali. Anayeligundua kwanza ni mwenye kisima kifupi, ambaye ndoo yake inaanza kugonga chini. Ukiuliza maji yanayotolewa yanapelekwa wapi, mara nyingi utakuta yamemwagwa kwenye mtaro ulio hatua chache tu kutoka ukingoni, unaoyarudisha shimoni kupitia mguu wa ukuta. Hapo mafuta yanachomwa ili kuyazungusha maji yaleyale. Wanaofanya kwa akili huchimba mtaro wa kurudishia maji ardhini upande wa majirani, kati ya shimo na visima vyao, ili usawa wa upande ule usishuke. Ni dawa nzuri, mradi mtaro ule usiwe karibu na ukingo kiasi cha kuulisha ukuta maji.

Mimi naegemea upande wa wale wanaosema: ukifika kwenye maji, chimba ndani ya maji. Zipo mashine za kazi hiyo, ekskaveta za mkono mrefu, ndoo za kukokota kwa kamba ya chuma, na mitambo inayoelea. Usawa ndani na nje ya shimo unabaki karibu sawa, na ukuta ulio chini ya maji yaliyotulia hauna anayeusukuma. Hasara yake ni moja kubwa, kwamba huoni unachokichimba. Dereva akivuta mzigo kutoka palepale kila siku, chini ya maji ukuta unakatika na kuingia ndani, na mashine yenye makumi ya tani inakuwa imeegeshwa juu ya pango. Kwa hiyo anayechimba majini lazima apime kina mara kwa mara, kwa kamba yenye uzito au kwa kifaa cha mwangwi, na achore mteremko usioonekana kwa uangalifu uleule wa unaoonekana. Asiyepima afadhali arudi kwenye pampu yake.

Shimo likiachwa liwe ziwa, kuna jambo jingine ambalo wengi hawalitegemei. Maji ya ardhini hayakai bapa, yana mteremko wake mdogo, yanasafiri. Ziwa, kinyume chake, ni bapa. Tuseme maji ya ardhini yanashuka mita 5 kwa kila kilomita, na shimo lina urefu wa mita 400 likifuata mwelekeo huo. Kabla ya kuchimba, maji ya mwisho wa juu yalikuwa mita 2 juu ya yale ya mwisho wa chini. Ziwa likitulia, litakaa takriban katikati: upande wa juu maji yameshuka mita moja, upande wa chini yamepanda mita moja. Jirani wa juu anakuja kulalamika kisima kimekauka. Jirani wa chini anakuja siku hiyohiyo kulalamika msingi wa nyumba yake una maji. Ofisa anayewasikiliza anadhani mmoja wao anadanganya, kumbe wote wanasema kweli. Dawa ilikuwa kwenye ramani ya mwanzo: kulilaza shimo likatize mwelekeo wa maji badala ya kuufuata, au kulikata vipande viwili vyenye ukuta wa ardhi ya asili katikati, kila kipande na usawa wake.

Tena baada ya miaka, tope laini hutuama kwenye ufuko wa upande wa chini, ambako maji hutokea kurudi ardhini, na kuuziba. Ziwa linapanda zaidi. Hili halipimwi siku ya kukabidhi.

Siku maji yanaporudi

Hatari kubwa ya shimo lililokaushwa huja siku pampu zinapozimwa. Kuta zilizozoea ukavu zinaanza kulowa kuanzia mguuni, na kila mtu ameshaondoka. Ujerumani, katika eneo la Nachterstedt, shimo la zamani la makaa ya mawe ya kahawia lilikuwa linajazwa maji liwe ziwa. Tarehe 18 Julai 2009 sehemu ya ukingo ilishuka ziwani ikiwa na nyumba juu yake, na watu 3 wakafa. Uchimbaji pale ulikuwa umekoma tangu miaka ya mwanzo ya 1990. Shimo lile ni kubwa kuliko machimbo mengi ya changarawe, lakini mchanga ni mchanga na maji ni maji.

Katika machimbo ya namna hiyo wahandisi wa Kijerumani walijifunza mbinu inayoonekana ya kinyume: wanalijaza ziwa haraka kwa maji ya mto badala ya kungoja maji ya ardhini yapande taratibu. Sababu ni ile tuliyoiona kwenye jaribio la ndoo. Ziwa likipanda polepole kwa kulishwa na ardhi, nje ya shimo maji yako juu, yanatembea kuelekea ziwani na kuusukuma ukuta uangukie humo. Ziwa likitangulia kupanda, maji yanatembea kutoka ziwani kuingia ardhini, na yanauegemea ukuta kwa ndani kama mtu anayezuia mlango. Tofauti ileile ya usawa imegeuzwa upande na kufanywa msaidizi.

Nchi hiyohiyo ilipata somo la pili, safari hii kwenye shimo la changarawe lenyewe. Katikati ya Julai 2021 mvua kubwa iliufurisha mto Erft, na maji yakaingia kwenye machimbo yaliyo karibu na kijiji cha Blessem. Maji yanayoanguka kutoka usawa wa shamba hadi chini ya shimo hukata ukingo kwa kurudi nyuma, kama maporomoko yanayotembea kinyumenyume. Ukingo ukarudi nyuma hadi kijijini, nyumba zikaporomoka. Shimo lilikuwa nje ya kijiji, na umbali ulioandikwa kwenye kibali hupimwa kwa shimo lililotulia. Mto ukimwagikia ndani, umbali huo unaweza kuliwa kwa muda mfupi mno. Ndiyo maana swali la umbali na nyumba nimeliita la daraja la pili. Kabla yake uliza kama kuna mto, mkondo mkavu au bonde ambalo maji yakifurika yatapata njia ya kushuka shimoni. Kama lipo, sehemu yatakapoingilia ijengwe mapema, iwe pana, imelala na kutandazwa mawe, kwa sababu maji yakikosa mlango yatajichimbia wa kwao.

Ardhi usiyoichimba ndiyo ya kufungia

Sasa nije kwenye hesabu ambayo ningependa kila mwenye shamba anayekodisha ardhi kwa wachimbaji aifanye kwa kijiti mchangani. Ukuta una kimo cha mita 10 na umeachwa kwa uwiano wa "moja kwa moja". Unatakiwa uwe moja kwa tatu. Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuukata juu na kusukumia chini kwa buldoza. Kwa kila mita moja ya urefu wa ukuta unasogeza mita za ujazo 25, na ukingo wa juu unarudi nyuma mita 10. Ya pili ni kuacha ukingo palepale na kuleta kifusi kutoka nje ili kuegemeza mguu. Hapo unahitaji mita za ujazo 100 kwa kila mita ya urefu. Ukuta wa mita 500 unataka mita za ujazo 12,500 zilizopo tayari na za kusukuma umbali mfupi, au mita za ujazo 50,000 zilizobebwa na malori kutoka kusikojulikana.

Tofauti ya gharama haihitaji maelezo. Lakini njia ya kwanza inawezekana tu kama mita 10 zile za juu bado ni zako. Mchimbaji aliyechimba hadi kwenye mpaka ameshauza nafasi ya kufunga shimo, kwa bei ya changarawe ya kawaida, na pengine hata hajui kwamba ameiuza. Tangu siku hiyo shimo lake linaweza kufungwa kwa kifusi tu, na mwenye kifusi ndiye atakayeamua kinachoingia humo.

Hapa ndipo naachana na kauli inayopendwa na wengi: "rudisheni ardhi kama ilivyokuwa." Naielewa. Anayeisema ameona shimo limeachwa, mtoto amezama, mbu wamejaa. Kwa sehemu iliyo juu ya usawa wa maji, madai hayo ni halali na yanatekelezeka. Kwa sehemu iliyo chini ya maji, hayatekelezeki. Changarawe iliyokuwa pale ilichambuliwa na mto kwa maelfu ya miaka, ikawa bomba na chujio kwa wakati mmoja. Hakuna lori linalorudisha kitu hicho. Linarudisha udongo wa kuchimbia misingi, matofali yaliyovunjika, mfinyanzi, na kama mlangoni hakuna anayekagua, linarudisha kila kitu ambacho mtu fulani mjini alitaka kisionekane.

Kwa kuwa kufukia ni biashara. Anayeleta kifusi hulipa ili akitupe, kwa hiyo shimo huleta fedha mara mbili, changarawe ikitoka na kifusi kikiingia. Sipingi biashara hiyo, napinga kuiita ukarabati wa mazingira bila kuuliza kilichomo. Mbao za jasi zinazotolewa kwenye kuta na dari za majengo zinaonekana hazina madhara, nyeupe, kavu. Zikizikwa kwenye maji yasiyo na hewa pamoja na takataka zinazooza, bakteria hugeuza salfa iliyomo kuwa gesi ya haidrojeni salfaidi, ile ya harufu ya mayai viza, ambayo kwa wingi inaua. Majivu, lami iliyokwanguliwa barabarani, udongo wa gereji, vyote hivyo vikilala chini ya usawa wa maji vinaoshwa mchana na usiku, na maji yanayoviosha yanaelekea kwenye kisima cha mtu.

Hata kifusi kisafi kabisa kina matatizo yake kikiwa ni cha mfinyanzi. Jaza shimo la changarawe kwa mfinyanzi na umejenga bwawa chini ya ardhi. Maji yaliyokuwa yakipita hayana pa kupita. Yanapanda upande wa juu, yanazunguka pembeni, yanapungua upande wa chini, na wale majirani wawili wanabadilishana malalamiko. Utaratibu unaoeleweka ni kuweka chini ya maji kile tu kinachopitisha maji na ambacho ungekubali kunywa maji yaliyopita ndani yake, yaani changarawe iliyokataliwa, mchanga wa ziada, mawe. Vitu vizito vya mfinyanzi vikae juu ya usawa wa maji, na usawa unaohusika ni ule wa msimu wa mvua nyingi. Kama hakuna mali ya kutosha ya kujazia chini, bora sehemu ile ibaki ziwa lenye kingo zilizolala, na pale ukingo unapokutana na maji palazwe zaidi, moja kwa tano au hata moja kwa kumi, ili anayetumbukia apate pa kukanyaga na mawimbi yakose ukuta wa kupiga. Bora ziwa lililotengenezwa kuliko kiwanja kilichodanganywa.

Nasema kilichodanganywa kwa sababu ya namna kifusi kinavyotitia. Udongo uliomwagwa kutoka ukingoni, lori juu ya lori, hujishikilia kwa unyevu mdogo kama ule ukuta wa asubuhi. Ndani yake kuna matundu makubwa. Unaweza kukaa hivyo miaka, nyasi zikaota, mtu akajenga. Kisha maji ya ardhini yanarudi kwenye usawa wake wa zamani, yanapanda ndani ya kifusi kwa mara ya kwanza, na matundu yanafumba. Kifusi chenye kina cha mita 10 kikipungua kwa asilimia 2 tu, uso wa ardhi umeshuka sentimita 20, na haushuki sawasawa. Sakafu inakatika pale pale ambapo kifusi kinakutana na ardhi ya asili. Kinga yake inajulikana: tandaza matabaka ya sentimita 20 hadi 30, yenye unyevu unaofaa, shindilia kila tabaka kabla ya lingine. Anayemwaga kutoka juu kwa sababu ni rahisi anapaswa aandike kwenye hati ya ardhi kwamba hapo hapajengwi. Na kabla ya hayo yote aangalie kama kwenye sakafu ya shimo hakuna chemchemi. Lile rundo la taka za makaa ya mawe lililoporomokea Aberfan, Wales, tarehe 21 Oktoba 1966 na kuua watu 144, 116 kati yao watoto, lilikuwa limemwagwa juu ya chemchemi.

Mabwawa ya tope yanayotokana na kuosha changarawe yanastahili sentensi moja au mbili: uso wake hukauka na kupasuka kama ardhi ngumu, lakini chini yake hubaki uji kwa miaka. Yawekewe uzio, na yasihesabiwe kuwa sehemu iliyofukiwa.

Udongo wa juu wenye rutuba nao una masharti machache. Uondolewe peke yake kabla ya kuchimba, ukiwa haujalowa, urundikwe kwa vichuguu vifupi vya mita mbili au tatu visivyopitiwa na magari, na urudishwe mapema iwezekanavyo. Kinachouua zaidi ni magurudumu. Nimeona eneo lililotandazwa vizuri na udongo mzuri lakini mvua ya kwanza ikasimama juu yake kama kwenye sinia, kwa sababu malori yalilikanyaga siku nzima kabla ya kupanda chochote. Tabaka la chini lilipaswa lipasuliwe kwanza kwa meno ya chuma ya buldoza.

Yote haya yanahitaji kipimo kimoja ambacho ni cha bei ndogo kuliko lita za dizeli za wiki moja: visima vyembamba vya uangalizi, angalau vitatu, kuzunguka shimo. Vitatu kwa sababu viwili havikuambii maji yanaelekea wapi. Bomba la plastiki lenye matundu chini, kifuniko chenye kufuli, kamba yenye alama za sentimita na kipande cha chuma mwishoni. Unateremsha mpaka usikie "chubwi", unasoma, unaandika tarehe. Vianze kupimwa mwaka mzima kabla ya uchimbaji, ili kiangazi na masika vyote viwemo, kwa sababu kisima cha jirani kikikauka baadaye, bila daftari lile kila mtu ana kumbukumbu yake.

Na vipimo visiishie siku mashine zinapoondoka. Kwa kawaida dhamana ya fedha aliyoweka mchimbaji hurudishwa baada ya ukaguzi wa macho: mteremko umelala, nyasi zimeota, picha zimepigwa, mhuri umegongwa. Nyasi huota kwa wiki chache. Maji ya ardhini yaliyoshushwa na pampu yanaweza kuchukua miaka kurudi. Ningeliandika sharti hilo upya kwa mstari mmoja: dhamana haitoki mpaka visima vya uangalizi vionyeshe maji yamefika usawa wake na kukaa hapo misimu miwili ya mvua, huku alama zilizopigwa juu ya kifusi zikionyesha kimeshuka sentimita ngapi. Mchimbaji aliyelaza kuta zake na kuchagua kifusi chake hatapoteza kitu kwa kungoja, isipokuwa riba.